Kidonda cha Kidevuni na Jino Lisilouma

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimia, lakini nimekaa na vijana wa hospitali muda mrefu, shikamoo zenu huwa zinafika mkiwa tayari mmeshaomba mnachokitaka. Kwa hiyo nimeitikia kabisa, tuendelee na kazi.

Mimi nilikuwa daktari wa meno. Nimestaafu, niko nyumbani Ushirombo, nalima karanga na kufuga kuku wasionisikiliza. Lakini simu hazijastaafu. Mara kwa mara ananipigia kijana aliyepangiwa kituo huko Chato au Biharamulo, anaongea kwa sauti ya chini kama vile mgonjwa amesimama nyuma ya mlango: "Mama, lile jino nililotibu mzizi limerudi. Limevimba tena." Swali langu la kwanza huwa, "Ulifanyia na nini?" Namna ya kufanya wengi wenu mnaijua, mmesoma vizuri kuliko sisi. Mnakwama kwenye vifaa, na kibaya zaidi, mnakwama halafu mnaendelea hivyo hivyo.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye fani, nieleze kidogo. Ndani ya mzizi wa jino kuna mfereji mwembamba wenye mshipa na damu. Jino likioza sana au likigongwa, mshipa ule unakufa na kuoza humo ndani. Kuna njia mbili: ung'oe jino, au uingie kwenye ule mfereji, uusafishe mpaka mwisho, uujaze na kuuziba pasipenye kitu. Hiyo ya pili ndiyo kutibu mzizi. Ukiacha uchafu kidogo tu, umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Aliyenifundisha kazi hii ni Dk. Mhoja, pale Shinyanga, nilipokuwa bado nashika koleo kama nimeshika nyoka. Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye maneno machache na mikono iliyotulia. Kila asubuhi kabla ya wagonjwa alikaa dirishani na faili zake. Faili zetu sisi si za ofisini. Ni visindano vyembamba vyenye makali ya kukwangulia ndani ya mzizi. Alikuwa anashika kimoja kimoja, anakigeuza kwenye mwanga, na akiona kimejinyonga au makali yake yameachana, anakitupa kwenye boksi la vitu vya ncha kali. Siku moja mtunza stoo akaja na malalamiko.

"Daktari, unatupa chuma kizima hiki!"

"Kizima?" Dk. Mhoja akamwonyesha kiti cha wagonjwa. "Kaa hapo, nikuwekee hicho kizima mdomoni."

Mtunza stoo akakumbuka kuwa ana kazi stoo.

Faili iliyochoka hukatikia ndani ya mzizi, na kipande kile kukitoa ni kama kutoa mwiba kwenye chupa ya soda kwa unywele. Mtu aliyewahi kuhangaika nacho haambiwi mara mbili.

Kitu kingine: Dk. Mhoja hakugusa mzizi bila picha ya eksirei. Enzi zile picha tulizisafisha wenyewe kwenye kichumba cha giza, tukizichovya kwenye dawa inayonuka siki, tukizianika kwa kamba kama dagaa. Ukiwa na haraka unaitoa kabla haijaiva, unaona ukungu mtupu, unarudia. Baadaye ndipo vikaja vifaa vya kupimia urefu wa mzizi, vinavyolia ukikaribia mwisho. Changu kilipolia mara ya kwanza, mzee mmoja niliyekuwa namtibu akanishika mkono akaguna kwa mdomo wazi, nikamwelewa kwa shida: "Pokea tu simu, daktari, mimi nasubiri."

Basi. Ninayetaka kuwasimulia habari zake ni mgonjwa aliyekuja kwangu Geita, miaka yangu ya mwishomwisho kazini. Aliitwa Kabula, mama lishe wa Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu. Aliingia ameshikilia upande wa khanga mdomoni, nikadhani ana aibu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka. Karibu kiti. Jino gani linakusumbua?"

"Hakuna jino linalonisumbua. Pale mapokezi wameniambia tu nije kwako. Mimi shida yangu ni hii."

Akashusha khanga. Chini kabisa ya kidevu, katikati, palikuwa na kidonda kidogo chekundu kinachotoa usaha. Hakikuwa kikubwa. Ungeweza kukifunika kwa punje ya hindi. Lakini niliona ngozi ilivyokunjamana kuzunguka, nikajua kina historia.

Alinisimulia. Alikuwa na kibanda chake karibu na karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na wachimbaji wakitoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, walikula kwake ugali na sato. Kidonda kilipoanza akapaka mafuta ya duka la dawa. Kikakauka, kikarudi. Akaenda zahanati wakakipasua na kumpa vidonge, kikakauka, kikarudi. Mganga wa kienyeji akamwambia ametupiwa uchawi na mwenzake anayeuza chakula ng'ambo ya barabara, akampa majani ya kubandika, yakamuunguza ngozi. Wengine wakasema ni ile zebaki ya kukamatia dhahabu, imemwingia.

"Wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja," akasema. "Hawakunitukana. Mtu anapita, anakusalimia vizuri, anakwenda kula kwa mwingine. Nani atakula ugali wa mtu anayetoa usaha? Hata mimi nisingekula."

Mumewe, Doto, alikuwa amesimama mlangoni. Mchimbaji, mwembamba, tochi ya kichwani bado iko kwenye paji la uso kama miwani ya mtu aliyesahau kuivua.

"Mimi nakula," akasema. "Sufuria zima nakula peke yangu."

"Ndiyo maana tunazidi kufilisika," Kabula akamjibu, na hapo ndipo nilipoona meno yake akicheka. Jino moja la mbele la chini lilikuwa limefifia rangi, kijivu kidogo kuliko wenzake.

Nikamuuliza kama liliwahi kugongwa. Akafikiri, akasema ndiyo, zamani, mchi ulimpiga alipokuwa anatwanga. Lilimuuma sana, akaenda kliniki moja ya mtu binafsi, wakalitibu mzizi, maumivu yakaisha. "Hilo lilishapona. Halijawahi kuniuma tena."

Wanangu, lishikeni hili: jino lililokufa si lazima liume. Usaha ukipata njia ya kutoka, hakuna msukumo, hakuna maumivu. Na usaha wa meno ya mbele ya chini wakati mwingine hautokei kwenye fizi. Unatoboa mfupa na kushuka, unatokea kidevuni, mtu anatibiwa ngozi wakati ngozi haina kosa.

Lakini kubahatisha si kazi. Nilichukua kijiti chembamba cha mpira laini, kile tunachojazia mizizi, nikakiingiza taratibu kwenye tundu la kidonda mpaka kikagota, nikapiga picha hivyo hivyo. Kijiti kinaonekana cheupe kwenye eksirei. Kilipanda moja kwa moja kutoka kidevuni mpaka kwenye ncha ya mzizi wa lile jino la kijivu, na kuzunguka ile ncha palikuwa na kivuli cheusi mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa.

Nikawaonyesha wote wawili. Kabula akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo yule mama wa ng'ambo ya barabara hakunifanya kitu?"

"Hajakufanya kitu."

"Na mimi nimemnunia mpaka watoto wake hawanisalimii." Akafunika uso kwa khanga. Nilidhani analia kwa ajili ya kidonda. Baadaye aliniambia alikuwa analia kwa ajili ya yule mama.

Sasa, kwa nini matibabu ya kwanza yalifeli? Nikapiga picha ya pili, safari hii nikaipindisha mashine kidogo pembeni. Ukipiga picha kwa mbele tu, vitu viwili vilivyopangana mbele na nyuma vinaonekana kimoja, kama watu wawili kwenye foleni ukiwatazama usoni. Picha ya pembeni ikaonyesha mjazo wa zamani umekaa upande mmoja wa mzizi. Nilihisi kuna mfereji wa pili nyuma yake, upande wa ulimi. Meno haya madogo ya chini mara nyingi yanayo miwili, na ule wa nyuma hujificha. Aliyemtibu zamani sikumlaumu. Alikuwa na taa hafifu na picha moja, labda hata hiyo hakuwa nayo.

"Ng'oa," Doto akasema. "Si ndiyo chanzo? Ng'oa twende nyumbani."

Kabula akamgeukia. "Ung'olewe wewe. Mteja akija nimkaribishe na pengo?"

Nilimwambia ukweli: jino linaweza kuokolewa, ila siwezi kulianza siku ile. Ule mpira mwembamba wa kutenga jino, unaotandazwa mdomoni jino lako likabaki limechomoza peke yake, ulikuwa umekwisha hospitali kitambo. Faili nyembamba nilizokuwa nazo zilishachoka. Na mfereji uliojificha unahitaji miwani ya kukuzia, nasi hatukuwa nayo.

Alinyanyuka akavuta khanga yake. "Kumbe na ninyi ni wale wale. Nimetoka Nyarugusu kuja kuambiwa hakuna vifaa."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya haki. Ningeweza kuanza na vile nilivyokuwa navyo. Ningezungushia pamba, ningekwangua na faili zangu za kizee, pengine kidonda kingekauka na kurudi baada ya msimu mmoja. Jino lilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Nikamwambia, "Kabula, wamekufanyia nusunusu mara nyingi. Mimi sitaki kuwa mwingine. Njoo tuzungumze na mkubwa wangu."

Mganga mfawidhi wetu alikuwa mtu mwema aliyezongwa. Siku hiyo alikuwa anahangaikia damu ya akina mama wanaojifungua. Hakuinua macho. "Daktari, foleni yako imefika getini. Jino moja, ling'oe."

Kabula ndiye aliyeshusha khanga yake, akasogea mbele ya meza.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mama lishe. Ungekula kwangu?"

Akainua macho. Akaweka kalamu chini. Alikuwa muungwana, hakusema uongo. "Nisingekula," akasema.

"Basi nisaidieni, ili siku moja ule."

Akacheka bila kutaka. Akaniambia hospitali haina cha kununulia kwa wakati ule, ila maombi yangu atayasukuma yeye mwenyewe kwenye bajeti inayofuata, na akaniruhusu kuazima popote nitakapopata. Nikampigia Dk. Mhoja. Alikuwa ameshastaafu, lakini ana kliniki yake ndogo pale pale Shinyanga. Sikumaliza hata kueleza.

"Ni jino la chini la mbele?" akauliza. "Angalia nyuma, upande wa ulimi. Vifaa vitakuja na basi la kesho. Miwani ni yangu, usiifute kwa khanga."

Vikaja kweli, kwenye boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba za katani: mpira wa kutengea jino, faili mpya kwenye pakiti zake, miwani imefungwa ndani ya soksi safi.

Siku ya kazi, muuguzi wangu Veronika alipitisha vyombo vyote kwenye mashine ya mvuke na kunionyesha alama kwenye pakiti, kwamba joto limefika. Huyu dada hakuwahi kunipa chombo bila kunionyesha ile alama, hata kama ningelia. Tukampa Kabula ganzi. Nilipoutandaza ule mpira akashtuka, akanitolea macho. Hofu ya wagonjwa wengi ni kwamba watakosa pumzi.

"Vuta hewa kwa pua," Veronika akamwambia, akimshika bega. "Ukitaka kitu, inua mkono. Kuongea utaongea kesho."

"Apumzike kidogo kuongea," Doto akasema kutoka mlangoni, na mkono wa Kabula ukainuka palepale kumwonyesha ngumi.

Mnauliza mpira wa nini? Mate yana wadudu wengi kuliko dampo. Unasafisha mzizi, mate yanaingia, umefanya kazi bure. Tena faili ikikuteleza bila mpira, mgonjwa anaimeza au anaivuta kwenye mapafu. Na dawa ya klorini tunayooshea mzizi ikimwagika mdomoni inaunguza. Kijana anayeniambia mpira unamchelewesha, namwambia anayechelewa ni yule anayerudia jino lile lile.

Nilitoa mjazo wa zamani. Ukatoka umelegea, na harufu ikatoka nao, Veronika akageuza uso kidogo. Nikavaa miwani ya Dk. Mhoja, nikapanua mlango wa jino kuelekea upande wa ulimi, kidogo kidogo. Hapo hapo umeme ukakatika.

Taa ya kiti ikazima. Jenereta ilikuwa na tabia ya kufikiri kwanza. Mgonjwa yuko mdomo wazi, mzizi uko wazi, siwezi kufunga wala kuendelea. Ndipo nikasikia hatua, na mwanga mweupe mkali ukatua kwenye jino kama jua. Doto alikuwa amewasha tochi yake ya kichwani, amesimama nyuma yangu ameinama kama anavyoinama duarani.

"Hii tunaangalizia mkanda wa dhahabu kwenye mwamba," akasema. "Jino litashindwaje?"

Na kwa mwanga ule nikaiona: nukta ndogo nyeusi, nyuma kabisa. Nikagusa kwa faili nyembamba kuliko zote. Ikanasa, kisha ikaingia, ikashuka. Sijui niwaelezeje furaha ya mkono unapohisi chuma kinashuka mahali ambapo pamefichwa miaka. Nadhani Doto alielewa, maana alisema polepole, "Umeupata mkanda."

Jenereta ikawaka. Tukapima urefu, tukaosha taratibu bila kusukuma bomba kwa nguvu, tukaosha tena mpaka maji yakarudi masafi. Nikaweka dawa ya chokaa ndani, nikaziba juu vizuri, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili hivi. Sikumpa vidonge vyovyote, naye akashangaa; chanzo kilikuwa ndani ya mzizi, vidonge visingefika. Nikamwambia kidonda nacho asikiguse, asipake kitu.

Aliporudi aliingia bila kushika khanga. Ilikuwa mabegani tu, kama wanawake wengine wanavyovaa. Kidevuni palikuwa pakavu. Pamebaki kishimo kidogo, kama alama ya kidole cha mtoto kwenye unga.

"Hakijatoa kitu," akasema. "Kila asubuhi nakiminya kidogo kuhakikisha."

"Nilikwambia usikiguse!"

"Nimegusa kidogo tu, mayu."

Tukatandaza mpira tena, tukajaza mifereji yote miwili mpaka mwisho, tukapiga picha kuhakikisha, tukaziba juu kwa mjazo wa kudumu siku hiyo hiyo. Hapo nako wengi wenu mnaharibu. Mnafanya kazi nzuri chini, halafu juu mnaacha ule mjazo wa muda, mgonjwa anasahau kurudi, unabomoka akitafuna muwa, mate yanaingia, mnaanza kulaumu mizizi.

Wateja wake hawakurudi siku moja. Alirudi kwanza yule mama wa ng'ambo ya barabara. Kabula alimpelekea sahani ya sato akamwomba radhi, na yule mama akaila pale pale hadharani, wachimbaji wakitazama. Baada ya hapo wachimbaji nao wakaanza kurudi, wawiliwawili. Mganga mfawidhi alipokwenda Nyarugusu kwa ukaguzi alikula kwa Kabula, akaniletea salamu kwamba pilipili imezidi. Na bajeti iliyofuata ilikuwa na mpira, faili mpya na miwani. Ya Dk. Mhoja nikairudisha kwenye soksi yake, nimeifua.

Mwaka uliofuata Kabula alikuja kwa picha ya ukaguzi, na kile kivuli cheusi kilikuwa kimeanza kujaa mfupa mweupe. Lakini siku ile hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono mwanamke wa Nkome, mwanika dagaa, aliyejifunga kitambaa shavuni.

"Nimemwona kwenye gulio," akasema. "Anakaa mbali na watu. Nikamwambia, dada, usipake chochote, twende kwanza ukapigwe picha ya meno."

Nilikuwa katika wiki yangu ya mwisho kazini, nikimkabidhi kiti Dk. Neema, binti aliyeletwa kuchukua nafasi yangu. Nikamwachia mgonjwa. Akaingiza kijiti kwenye kidonda cha shavu, akapiga picha, akapindisha mashine akapiga nyingine. Ilikuwa gego la chini. Faili akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, moja akaitupa. Akatandaza mpira, akavaa miwani, akainama. Nilijisogeza karibu, karibu zaidi, nione kama ameipata mifereji yote.

Neema hakuinua kichwa.

"Samahani, Mama," akasema kwa adabu, "unanizibia taa."

Nikasogea.